Kufungia virusi ndani ya kompyuta pepe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameletwa na mafundi wa kompyuta, wanafunzi wa TEHAMA na wenye steshenari wanaopokea flashi za kila aina kutwa nzima. Mengi yanarudi kwenye jambo moja. Ukuta wa kompyuta pepe ni imara, na virusi vikitoka, karibu kila mara vimepita mlango ambao mwenye kompyuta aliuacha wazi kwa sababu ulimrahisishia kazi. Ndiyo maana sehemu ya milango hapa chini ni ndefu kuliko nyingine. Kama una haraka, anza na maswali ya 8 hadi 11.

## Mambo ya msingi

1. Kompyuta pepe ni kitu gani hasa?

Ni kompyuta nzima inayoigizwa na programu. Ina prosesa, RAM, diski na kadi ya mtandao, vyote vikimegwa kutoka kwenye vifaa halisi ulivyonavyo. Ndani yake unafunga Windows au Linux kama ambavyo ungefunga kwenye mashine mpya. Diski yake, hata ikijitangaza kuwa ya GB 60, ni faili moja kubwa tu lililohifadhiwa kwenye kompyuta yako.

Katika ukurasa huu kompyuta halisi inaitwa mwenyeji, na ile ya ndani inaitwa mgeni. Programu inayosimama kati yao ni haipavaiza.

2. Inawezaje kuzuia virusi visinifikie?

Kirusi, kama programu yoyote, hakigusi diski chenyewe. Kinauomba mfumo endeshi: nifungulie faili hili, niandikie pale, nitumie hiki mtandaoni. Kikiwa ndani ya mgeni, mfumo unaopokea maombi hayo ni wa mgeni. Kikiamuru kila kitu kwenye C kifutwe, inayofutika ni C ya mgeni, yaani yaliyomo ndani ya lile faili moja la swali la 1. Picha zako za harusi ziko mahali ambapo kirusi hicho hakina njia ya kupataja.

Prosesa yenyewe inasaidia kulinda mpaka huo. Intel walianza kutoa prosesa zenye VT-x, yaani uwezo wa kusaidia kompyuta pepe, mwaka 2005, AMD wakafuata na AMD-V mwaka 2006. Tangu hapo, mgeni akitoa amri nyeti, prosesa humsimamisha na kumwachia haipavaiza uamuzi.

3. Kwani antivirus haitoshi?

Usiiondoe. Lakini antivirus lazima itambue kwamba kitu ni kibaya kabla ya kukizuia, na kirusi kilichotengenezwa wiki hii kinaweza kupita kabla hakijatambuliwa. Kompyuta pepe haikisii lolote. Inamfungia kila mtu chumbani, mwema na mwovu, mpaka wewe useme. Tumia vyote viwili.

## Vifaa na programu

4. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu. Nifanyeje?

Windows ndani ya Windows kwa GB 4 ni mateso, sikushauri. Lakini Linux nyepesi kama Lubuntu inaweza kuishi ndani ya GB 1 au 1.5, na kwa kazi ya kukagua flashi na nyaraka inatosha kabisa. Ukiwa na GB 8, mpe mgeni GB 4 na ufunge kivinjari cha mwenyeji unapofanya kazi. Kama una fedha ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza RAM, kisha SSD. Prosesa isubiri.

5. Nitumie programu ipi?

Kwa anayeanza, VirtualBox. Ni ya bure, inakubali Windows, Linux na Mac, na swichi zake zote za usalama zinaonekana kwenye dirisha moja la mipangilio. VMware Workstation Pro nayo imekuwa bure kwa wote, hata kwa biashara, tangu Novemba 2024. Anayetumia Linux tayari ana haipavaiza ya KVM ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) yake tangu 2007, na virt-manager humpa dirisha la kuiendesha.

Windows 10 na 11 toleo la Pro zina Windows Sandbox, iliyokuja mwaka 2019. Inafunguka haraka na ukiifunga inafuta kila kitu. Toleo la Home halina. Tatizo langu nayo ni kwamba inafunguka ikiwa na intaneti na ubao wa kunakilia ulioshirikishwa na mwenyeji, mpaka uandike faili la mipangilio la kuvizima. Mgeni wa kufungulia nyaraka zenye shaka anapaswa kuanza akiwa amefungiwa.

6. Inaniambia VT-x imezimwa.

Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F2, F10 au Del kutegemea aina ya mashine, kisha ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka) tafuta Intel Virtualization Technology, au SVM Mode kwa AMD. Washa, hifadhi, toka.

7. Windows ya kuweka ndani ya mgeni niitoe wapi?

Microsoft wanatoa Windows 11 Enterprise ya majaribio ya siku 90, na kwa kazi hii siku 90 ni nyingi, kwa sababu utakuwa ukirudi kwenye snapshoti ile ile (tazama swali la 10). Itataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama. VirtualBox inaweza kuigiza TPM tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022.

Usijenge maabara yako kwa Windows ya kraki (iliyovunjwa leseni) iliyopita mikono kumi. Ukiona programu inajificha na kuwasiliana na nje usiku, hutajua kama imeletwa na faili unalolikagua au ilikuja na Windows yenyewe. Maabara chafu haipimi kitu.

## Milango

8. Nizime nini kabla ya kuingiza faili lenye shaka?

Vitatu, na vyote viko kwenye mipangilio ya mgeni: folda za pamoja, ubao wa kunakilia wa pamoja, na kuburuta mafaili kati ya madirisha mawili.

Folda ya pamoja ndiyo hatari kubwa. Kwa mgeni, folda hiyo ni diski kama diski nyingine. Virusi vya fidia, vile vinavyofunga mafaili kwa nywila na kudai pesa, hupita kila diski vinayoiona, na vikifika hapo vinafunga mafaili halisi ya mwenyeji. Hakuna ukuta uliovunjwa. Ruhusa uliitoa wewe.

Wahalifu wanalijua hili vizuri sana. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Sophos ilieleza shambulio la kundi la Ragnar Locker, waliokuja na VirtualBox yao wenyewe. Walifunga kwenye kompyuta ya mhanga mgeni mwenye Windows XP iliyopunguzwa, wakamfungulia diski zote za mwenyeji kama folda za pamoja, kisha wakaendesha kirusi ndani yake. Antivirus ya mwenyeji haikuweza kuona kilichokuwa kikiendelea ndani ya mgeni. Ilichoona ni VirtualBox ikibadilisha mafaili. Kirusi chenyewe kilikuwa na KB 49, na kifurushi cha kukibeba kilikuwa na MB 122. Kila ninapomfundisha mtu kompyuta pepe ninaanza na kisa hiki, kwa sababu kinaonyesha kwamba folda ya pamoja haibagui: inapitisha kazi yako na inapitisha uharibifu vile vile.

Ubao wa kunakilia nao usiudharau. Ukinakili nywila kwenye mwenyeji wakati ubao ni wa pamoja, chochote kinachosikiliza ndani ya mgeni kinaisoma.

Kwa mgeni wa kazi hii, mimi hata Guest Additions, programu ya nyongeza ya VirtualBox inayofungwa ndani ya mgeni, siifungi. Ndiyo inayoleta urahisi wote huo, na uwepo wake hukiambia kirusi kwamba kiko ndani ya kompyuta pepe (tazama swali la 15). Utakosa skrini kubwa inayojipanga yenyewe. Vumilia.

9. Mtandao wa mgeni niuweke vipi?

Kanuni yangu: usiunganishwe kabisa. Kwenye VirtualBox chagua Not attached. Kazi nyingi za kukagua faili hazihitaji intaneti, na kirusi kisichofika nje hakiwezi kutuma ulichonacho wala kupokea amri.

Wengi huacha NAT (mgeni anatoka mtandaoni kwa anwani ya mwenyeji) kwa kuwa ndiyo inayokuja nayo, wakidhani imefungwa. NAT inamficha mgeni asitafutwe kutoka nje, lakini yeye anatoka atakavyo, na anaweza kugonga ruta yako, printa na kompyuta nyingine za ofisini. Bridged ni mbaya zaidi hapa, maana inamweka mgeni kwenye mtandao wenu kama kompyuta nyingine kamili.

Host-only (mtandao wa mgeni na mwenyeji tu) inasikika salama, ila bado inaacha njia kati ya mgeni na mwenyeji. Kumbuka WannaCry, kirusi cha fidia cha Mei 2017. Ilisambaa nchi zaidi ya 150 bila mtu kubofya chochote, ikipita mlango wa mtandao (port) namba 445 unaotumiwa na Windows kushirikisha mafaili. Microsoft walikuwa wametoa kiraka (sasisho la kuziba kasoro) mwezi Machi, na wengi walioumia ni ambao hawakukiweka. Mgeni mwenye WannaCry aliyeunganishwa kwa host-only na mwenyeji asiye na kiraka anamwambukiza, hata bila folda ya pamoja wala flashi.

Ukilazimika kuona kirusi kinatafuta nini nje, tengeneza wageni wawili kwenye Internal Network, ambayo mwenyeji hayumo. Mmoja ni Windows, mwingine ni REMnux, Linux iliyoandaliwa kwa uchunguzi wa virusi. REMnux huja na INetSim, inayojifanya intaneti: kirusi kinauliza tovuti, kinajibiwa, na wewe unasoma kilichoulizwa.

10. Snapshoti ni nini na niipige lini?

Ni kumbukumbu ya hali nzima ya mgeni kwa dakika fulani, ambayo unaweza kuirudia. Ipige mara tu mgeni anapokuwa tayari: Windows imefungwa, zana zako zimo, mtandao umekatwa, hakuna faili lenye shaka lililoingia. Ipe jina la kueleweka, mathalani SAFI na tarehe. Kila ukimaliza uchunguzi, rudi SAFI, hata kama hukuona kitu kibaya. Hasa kama hukuona kitu kibaya.

Snapshoti si nakala rudufu. Inategemea faili la diski ya mgeni, na diski halisi ikifa vyote vinakwenda.

11. Faili lenye shaka niliingizeje ndani bila folda ya pamoja?

Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza: kama faili liko mtandaoni au kwenye barua pepe, fungua kiungo chake ndani ya mgeni ukiwa na NAT, pakua, kisha kata mtandao ndipo ulifungue. Kwa barua pepe tumia kiungo cha kupakulia tu. Usiingie kwenye akaunti yako humo (tazama swali la 17).

Ya pili: kwenye mwenyeji, usilifungue faili. Litie kwenye ZIP yenye nywila, tengeneza ISO (faili linaloiga CD) yenye ZIP hiyo, kisha mpe mgeni ISO kama CD. CD ni ya kusoma tu, kwa hiyo mgeni hawezi kuandika chochote cha kurudi kwako. Wachunguzi wa virusi duniani wana desturi ya kutumia nywila *infected* kwenye ZIP za namna hii, na inafaa kuifuata ili mwenzako ajue alichoshika. Kama antivirus ya mwenyeji inalifuta faili kabla hujalifunga, tayari umepata sehemu ya jibu.

## Flashi

12. Mteja kaleta flashi, folda zote zimegeuka shortcut. Naikaguaje?

Hiki ndicho kirusi cha steshenari zetu. Kwa kawaida hufanya hivi: huzipa folda za mteja sifa ya kufichwa, huweka shortcut zenye majina yale yale, na kila shortcut huanzisha skripti kabla ya kufungua folda. Mteja anaona kazi yake inafunguka, kumbe kompyuta imeshaambukizwa.

Tumia mgeni wa Linux. Skripti za Windows haziendeshwi humo, na Linux haijali ile sifa ya kufichwa ya Windows, hivyo utaziona folda halisi zikiwa kando ya shortcut. Kwanza, kwenye mwenyeji wa Windows zima AutoPlay, inayofungua kifaa chenyewe kikichomekwa. Kisha kwenye mipangilio ya USB ya mgeni weka kichujio, kinachopeleka kifaa moja kwa moja kwa mgeni, mwashe mgeni, ndipo uchomeke flashi. Kichujio kitupu hukamata kifaa chochote cha USB, kwa hiyo chomoa mausi kwanza.

Ndani, futa mafaili yanayoishia na .lnk, na skripti za .vbs, .js au .bat ambazo mteja hazitambui. Usifute kitu kingine bila kumuuliza mwenye mali. Nyaraka zikishabaki peke yake, ondoa ile sifa ya kufichwa kwa kufungua flashi kwenye mgeni wa Windows na kuandika attrib -h -r -s /s /d kwenye dirisha la amri, ukiwa ndani ya herufi ya flashi. Mwambie mteja pia kwamba flashi iliambukizwa na kompyuta fulani, na kompyuta hiyo bado iko palepale.

13. Kuchomeka tu flashi, bila kufungua chochote, kunaweza kuambukiza?

Siku hizi ni nadra, lakini ndiyo. AutoRun ya flashi, yaani programu kujianzisha yenyewe flashi ikichomekwa, iliondolewa kwenye Windows 7, na mwaka 2011 XP na Vista zikapewa sasisho la kuizima. Hata hivyo kirusi Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kilitumia kasoro iliyofanya Windows iambukizwe kwa kuonyesha tu alama ya shortcut kwenye dirisha. Microsoft walitoa kiraka chake mwaka huo huo.

Kuna pia vifaa vyenye umbo la flashi vinavyojitambulisha kama kibodi na kuanza kuandika amri. Dhidi ya hivyo kompyuta pepe inasaidia kidogo, kwa sababu mwenyeji ndiye anayesalimiana navyo kwanza. Kama chanzo cha kifaa kinakutia hofu kubwa, tumia mashine kuukuu isiyo na data wala mtandao.

## Ukiwa ndani

14. Nitajuaje kama faili ni baya?

Linganisha kabla na baada. Zana za Sysinternals za Microsoft ni za bure: Autoruns inakuonyesha kila kinachojianzisha Windows inapowaka, na Process Monitor inarekodi kila faili lililoguswa. Hifadhi orodha ya Autoruns kabla ya kufungua faili, fungua, subiri, linganisha. Hati ya Word inayozaa PowerShell, programu ya Windows ya kuendesha amri, haina maelezo mema.

Kama hujawahi kufanya, jizoeze na EICAR. Ni mstari wa herufi 68 usio na madhara yoyote, ambao watengenezaji wa antivirus wamekubaliana kuukamata kama kirusi.

15. Nimefungua, hakuna kilichotokea. Ni salama?

Hapana, huwezi kusema hivyo. Virusi vingi hukagua kwanza vilipo. Huangalia kama anwani ya kadi ya mtandao inaanza na 08:00:27, ambayo ni ya VirtualBox, kama diski ni ndogo kupita kawaida, kama prosesa ina kiini kimoja tu, kama mausi haijasogea. Kimoja kikilingana, hulala au hujifanya programu ya kawaida. Vingine husubiri siku kadhaa.

Unaweza kumfanya mgeni afanane na kompyuta ya mtu: mpe viini viwili au vinne, diski ya GB 80 au zaidi, mwekee nyaraka na picha zisizo za siri, badilisha anwani ya kadi. Itapunguza tatizo. Haitaliondoa.

16. Nikiijaribu programu ya kraki ndani ya mgeni na ikaonekana sawa, niifunge kwenye kompyuta yangu?

Usiifunge. Jibu la 15 ndilo sababu. Kama huna namna ila kuitumia, iishi humo humo ndani ya mgeni, na usimpe mgeni huyo kitu unachokithamini.

17. Naweza kuingia benki au barua pepe yangu kutoka ndani ya mgeni?

Mgeni wa uchunguzi, kamwe. Kompyuta pepe inamlinda mwenyeji. Haikulindi na kile unachoandika ndani yake. Virusi vya kuiba taarifa huchukua nywila na vidakuzi (cookies) vya kivinjari, na kwa kidakuzi mwizi anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila wala namba ya siri ya SMS. Mtandao ukiwa wazi kwa dakika moja, vimeondoka.

18. Si nitumie VirusTotal tu?

Itumie tovuti hiyo inayokagua faili kwa antivirus nyingi, ni msaada mkubwa. Ila faili unalolipakia linaweza kupakuliwa na wateja wanaolipia huduma hiyo. Orodha ya mishahara, matokeo ya hospitali au mkataba wa mteja havipaswi kwenda huko. Kwa faili la siri, kokotoa heshi yake ya SHA-256, namba inayolitambulisha faili kama alama ya kidole, na utafute heshi hiyo. Kama wengine wameshalipeleka, utaona matokeo bila kutuma kitu.

## Maswali magumu

19. Virusi vinaweza kuvunja ukuta wenyewe?

Imewezekana. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina VENOM, iliyokuwa kwenye msimbo wa kuigiza diski laini (floppy) ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, tangu 2004. Fikiria: kifaa ambacho hakuna mtu anayekitumia tena kilikaa miaka 11 kikiwa njia ya kutokea. Novemba 2018 ikachapishwa njia ya kutoka VirtualBox kupitia kadi ya mtandao ya kuigizwa, kwenye mipangilio ya kawaida kabisa.

Mambo mawili yanatoka hapo. Sasisha haipavaiza kila toleo linapotoka, na mwondolee mgeni kila kifaa asichokihitaji: diski laini, sauti, kadi ya mtandao. Njia za namna hii ni ghali na nadra, na kirusi cha flashi ya mtaani hakinazo. Kama unachokikagua kimetengenezwa na watu wanaoweza kuzimudu, usikifungue kwenye mashine yenye data yako, hata ndani ya mgeni.

20. Kompyuta yangu tayari ina virusi. Niweke kompyuta pepe nifanyie kazi humo?

Haitasaidia. Mwenyeji anaona kila kitu cha mgeni: skrini yake, kibodi yake, diski yake. Kirusi kinachorekodi vitufe kwenye mwenyeji kitarekodi unavyoviandika ndani ya mgeni pia. Safisha mwenyeji kwanza.

21. Nina Mac yenye M1 au mpya zaidi.

Prosesa hizo ni za aina ya ARM, na virusi vingi vya Windows ni vya x86, aina ya prosesa za Intel na AMD. UTM, programu ya kompyuta pepe ya Mac, inaweza kuigiza x86, lakini polepole mno. Kwa kukagua flashi na nyaraka tumia Linux ya ARM. Kwa uchunguzi halisi wa virusi vya Windows, laptopu ya zamani ya Intel itakufaa zaidi.

22. Na APK (faili la kufunga programu ya Android) niliyotumiwa WhatsApp?

Android ya kuigizwa, kwa mfano ile iliyomo kwenye Android Studio, bila akaunti ya Google. Jibu la 15 linahusika hapa pia.

23. Kuwa na virusi kwenye kompyuta yangu ni kosa kisheria?

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya 2018. Zote mbili zinagusa kuingilia mifumo na data bila ruhusa, na vifaa vinavyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kaa upande salama: kagua vilivyo vyako au ulivyokabidhiwa na mwenye navyo kwa maandishi, usimtumie mtu sampuli kwa ajili ya kujifurahisha, na andika daftari la ulichofanya na tarehe. Kwa kazi ya kudumu, muulize mwanasheria.

24. Nimemaliza kabisa. Nafutaje?

Mzime mgeni, mwondoe kwenye orodha, na ukiulizwa chagua kufuta mafaili yote, si kuondoa jina tu. Kisha angalia folda ya VirtualBox VMs kama kuna faili la .vdi (diski ya mgeni) lililosalia, na ufute ile ISO ya swali la 11. ZIP yenye sampuli, kama unaihifadhi, ibaki na nywila yake na isikae kwenye folda inayojipakia yenyewe mtandaoni.